Dobi na Kifuniko cha Kioo

Shemeji yangu ni dobi. Mtaa mzima unamwita hivyo hivyo, Dobi, hata watoto, naye huitika bila kukunja uso. Duka lake linatazama barabara: meza ndefu ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, kamba za kutundikia mashati yaliyonyooshwa, na dirisha lisilofungwa mchana kutwa kwa sababu ya joto. Nyuma ya duka ndipo anapoishi, vyumba viwili na jiko. Ukuta wa jiko lake ndio ukuta wa chumba changu cha kushonea. Mimi humtilia vifungo na kumrudishia zipu kwenye nguo za wateja, kwa hiyo mambo yake nayajua kama ninavyojua vidole vyangu. Nikikaa dirishani kwangu naona meza yake ya pasi na mlango wa mbele wa nyumba yake, na nikigeuza shingo naona wa nyuma. Wanangu, ambao wameshakuwa watu wazima na kwenda kujitegemea, hunicheka wakisema mama yao hahitaji televisheni.

Wacha wacheke. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nimezika mdogo wangu.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa mke wa Dobi. Tulilelewa na mama mwenye sheria moja ya jikoni: chungu kisichotazamwa hununa. Kila apitaye karibu na moto afunue, ageuze mara moja, aonje, afunike, kisha aulaze mwiko juu ya kifuniko. Usipofanya hivyo ulionekana mvivu au mwenye kiburi. Mdogo wangu aliingia na sheria hiyo kwa mumewe kama wengine wanavyoingia na kabati. Dobi, ambaye ujana wake wote alikula kwenye vibanda vya chakula, aliishika kama mtu aliyepewa cheo. Ungemwona anatoka dukani na kitambaa begani, anafunua, anageuza, anarudi kwenye pasi zake. Mtoto wao naye, kabla hajafikia kimo cha meza, alinyanyuliwa kwapani ili ageuze.

Mtoto huyo ni wa kike, na tulimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika. Mama yake alipofariki, kwa homa iliyomchukua upesi kuliko tulivyoweza kuamini, Chiriku alinyamaza. Baada ya kunyamaza akaacha kula. Alikuwa anashika kijiko, anasema asante, anakirudisha. Nilimpunguzia kiuno cha sketi yake ya shule. Baada ya muda nikampunguzia tena, na mara hiyo ya pili nilishona huku sindano siioni vizuri.

Dobi alijaribu kupika. Lakini moto unataka mtu na pasi inataka mtu, na yeye ni mmoja. Akikimbilia jikoni shati la mteja linaungua; akibaki dukani sufuria inaungua. Nilikuwa nawapelekea sahani kutoka kwangu, zikarudi kama zilivyokwenda. Mama yetu, bibi yake Chiriku, akatoa kauli: muhula wa shule ukifungwa na mtoto bado yuko vile, atakuja kumchukua akamlee mwenyewe. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayenyanyua kitu kabla hakijaanguka.

Dobi alinijia na furushi la mashati, akaliweka, hakuondoka. "Shemeji," akasema, "nimeshazika mmoja. Na huyu wakimchukua, ile nyumba nitakuwa namfungulia nani mlango?"

Jibu lilitoka kwa muuguzi mmoja ambaye sare zake hupigwa pasi pale dukani. Alimweleza kwamba yeye huondoka asubuhi na kurudi jioni na kukuta chakula kimeiva, kwa sababu ana chungu cha umeme kinachopika polepole. Unaweka vitu, unawasha, unakwenda zako. Hakiunguzi, hakimwagiki, hakitaki mtu. Dobi alirudia maneno hayo mbele yangu kama mtu anayekariri: hakitaki mtu.

Tulikwenda pamoja dukani kukichagua. Muuza vyombo alikuwa mwanamume mnene mwenye utani wa kila mteja. Alitushushia kimoja chenye vitufe na saa, akasema hicho hujizima chenyewe, mtu unaweza kwenda kuoa na kurudi ukakuta kimekungoja. Dobi akatabasamu kwa adabu tu. Hakupenda vitufe. Alichukua kile cha kuzungusha kwa mkono, chenye moto mdogo, moto mkubwa na moto wa kuhifadhi joto tu, akasema pasi zake zote ni za kuzungusha na hazijamsaliti. Akatoa chungu cha ndani, kizito, cha udongo uliong'arishwa, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio kama kina ufa. Akapitisha kidole pale waya unapoingia kwenye mwili wa chombo, kwa maana hapo ndipo pasi huanza kufa. Mimi nilikipendea kifuniko. Kilikuwa cha kioo. Nikafikiri, hiki mtu atakitazama bila kukifunua.

Muuzaji alituonya juu ya hilo hilo. Tusikijaze hadi mdomoni wala kisiwe chini ya nusu, na muhimu kuliko yote, tusikifunue. Moto wake ni wa taratibu. Ukifunua unatoroka, na chungu kinaanza safari upya. Kisha akauliza mko wangapi nyumbani, ili ajue atoe cha ukubwa gani.

"Watatu," Dobi akajibu.

Walikuwa wamebaki wawili. Niliangalia sahani zilizopangwa ukutani. Muuzaji akashusha cha wastani, akakifunga kwa kamba.

Siku ya kwanza nilimwelekeza mwenyewe. Viazi na karoti chini, karibu na moto, kwa sababu ni vigumu kuliko nyama. Nyama juu yake, kitunguu, chumvi, maji kidogo sana maana hayana pa kwenda. Akazungusha kwenye moto mdogo, akafunika, na kwa mazoea akaulaza mwiko juu ya kifuniko. Hata mimi ningeulaza.

Mchana ule nilikuwa natia vifungo. Harufu ilianza kupenya kwangu, ile harufu ya nyumba yenye mtu ndani. Nikajua hakuna mtu. Dobi yuko mezani kwake, namwona mgongo, na mtoto yuko shule. Nikajikaripia, nikarudi kwenye vifungo. Kisha Chiriku akarudi. Nikasikia mlango wa nyuma, nikasikia mkoba unaanguka, na kupitia ukutani nikasikia sauti ambayo ilikuwa haijatoka siku nyingi.

"Mama?"

Nilikaa na sindano hewani, nikiwa na hofu ya kwenda na hofu ya kutokwenda. Baadaye ikaja sauti ndogo ya kioo juu ya udongo. Alikuwa amefunua.

Jioni Dobi alinieleza kwamba mtoto amekula. Si sahani nzima, vijiko vichache, lakini amemeza.

Tangu siku hiyo nyumba ile ikabadilika. Chungu kikawa kinanukia kila mchana, na Chiriku akawa anakula kidogo kidogo. Siku moja alikuja akasimama dirishani kwangu, akanitazama nikishona, akasema kwa sauti ya mtu anayekuelekeza chumvi ilipo:

"Mama Mkubwa, mama huwa anakuja kugeuza."

Nilijichoma. Nikamwuliza amejuaje. Akasema yeye huulaza mwiko umeinamia chini, na akija kutazama tena huukuta umegeuzwa, nao umelowa. Na kioo, ambacho daima kimejaa jasho usione ndani, hukikuta kina alama ya kufutwa. Mama alikuwa akifuta dirisha la jiko hivyo hivyo, kwa upande wa kiganja. Akasema nisimwambie baba, baba ataogopa.

Nilikuwa sijatulia bado, baba naye akaja. Aliweka nguo, akaangalia nyuma yake. Akasema ile nyumba haiko peke yake. Yeye hupita jikoni asubuhi, akirudi adhuhuri anakuta matone mezani na mwiko umehama, na milango ameifunga kwa mkono wake. Nikamwuliza kama amemwambia mtoto.

"Nitamwambiaje? Anakula, shemeji."

Basi nikawa mimi ndiye mwenye siri za wote wawili, na ukuta ule nikiwa nimeuegemea. Nilianza kuusikiliza. Kli. Kioo juu ya udongo. Nikawa nakaa upande wa pili wa chumba. Nikawa nasema moyoni, mdogo wangu, kama ni wewe, geuza uende, usimguse mtoto.

Lakini mimi ni mtu wa kutazama, na macho hayana pazia. Nilitazama mlango wa nyuma. Saa ya mapumziko ya shule, Chiriku akapenya kwenye ujia, akainama, akatoa ufunguo chini ya ndoo, akaingia. Kli. Akatoka akijipangusa mdomo, akakimbia kabla kengele haijamkuta, maana kutoka shule wakati ule hawaruhusiwi. Kitambo kidogo Dobi akaacha pasi, kitambaa begani, akapitia mlango wa mbele haraka ili mteja asimkose. Kli. Akatoka akilamba kidole gumba.

Kila mmoja alikuwa anazikuta alama za mwenzake. Hakuna aliyemdanganya mwingine. Mkono ulikuwa unafanya ulichofundishwa: ukipita, funua.

Ningesema siku ile ile. Sikusema, kwa sababu mtoto alikuwa ameanza kuzungumza. Nilimsikia kupitia ukutani akirudi shule. Alikuwa anakisimulia chungu: mwalimu amekohoa kikohozi gani, nani kagombana na nani, nani kaazima kalamu hakurudisha. Chiriku alikuwa amerudi kuimba, ila alikuwa anaimbia chungu. Nikaona, nikiingiza mkono wangu hapo, nani atanihakikishia kwamba hatanyamaza tena, na safari hii moja kwa moja? Na zaidi ya hilo, kuna siku nilizisikia zile kli wakati baba namwona mezani na mtoto najua yuko darasani. Nilijiambia ni mvuke unasukuma kifuniko. Nilijiambia mara nyingi.

Kisha ikaja siku ya maharage.

Dobi aliroweka maharage mekundu, na asubuhi akayaweka mabichi kwenye chungu, moto mdogo kama kawaida, akaenda dukani. Hakujua, na mimi sikujua. Siku ile wateja walikuwa wachache, kwa hiyo alifunua zaidi ya kawaida yake, na mtoto naye hakukosa zamu yake. Maharage hayo yalishinda yakipashwa na kupozwa, kupashwa na kupozwa. Jioni yalikuwa yamevimba na kupasuka ganda, ukiyatazama umeona chakula. Ndani yalikuwa magumu. Dobi alikula machache, akasukuma sahani. Chiriku alikuwa ameukuta mwiko umelowa mchana, akajua mama amempikia maharage. Alimaliza sahani, akaomba nyingine.

Ilikuwa sahani yake ya kwanza kamili tangu msiba, na haikukaa tumboni. Alitapika hadi akawa anatapika maji ya kijani. Dobi alimbeba mikononi hadi zahanati, mimi nikimfuata nyuma na khanga, na aliyetupokea alikuwa ni yule yule muuguzi mwenye sare. Alimwekea maji ya mshipa, kisha akatuuliza alichokula. Akatikisa kichwa. Maharage mekundu, akasema, lazima kwanza yachemke sana jikoni, yatokote kweli kweli, maji yale yamwagwe, ndipo yaingie chungu cha polepole. Yana sumu yao, na moto mdogo hauiui. Na tena, kama yalibaki magumu, ni nani aliyekuwa anafunua? Mimi na Dobi tukatazama sakafu.

Mtoto alirudishwa nyumbani akiwa mnyonge lakini salama. Asubuhi mama yetu akafika, na mfuko mtupu mkononi. Nilipouona ule mfuko mtupu nilijua ni wa nini. Alikuwa ameshasikia. Chiriku, katika homa, alimweleza muuguzi kwamba mama ndiye aliyepika, na maneno yana miguu kuliko sisi.

Mama aliketi kwenye kitanda cha mjukuu, akampapasa paji la uso, kisha akamgeukia Dobi. Hakupandisha sauti.

"Marehemu hapiki, baba. Ukiona marehemu anapika, ujue ana mgeni anayemngoja."

Dobi alisimama pale mlangoni na mikono yake mikubwa iliyokakamaa kwa mvuke, hakujitetea. Niliona kwamba anaamini. Alikuwa tayari kumtoa mtoto, siyo kwa sababu ya mama yetu, bali ili mke wake asimfikie. Akaanza kukusanya vijinguo vya mwanawe na kuvikunja, kola kwa kola, kama za mteja.

Hapo nikafungua kinywa. Niliwaambia kwamba anayegeuza si marehemu. Ni wewe, Dobi, ukitoka dukani na kitambaa chako begani. Na ni wewe, mwanangu, saa ya mapumziko, kwa ufunguo wa chini ya ndoo. Nimewaona. Nimewaona siku nyingi, mmoja anatoka mwingine anaingia.

Chiriku alinitazama. "Siku zote?"

Nilizikumbuka zile siku nyingine, za mvuke. "Siku zote nilizokuona," nikamjibu.

Akageukia ukuta. Baba yake akaja akachuchumaa kando ya kitanda, na shati la shule bado mkononi.

"Ulikuwa unakuja?" akamwuliza.

"Na wewe ulikuwa unakuja," mtoto akasema, bila kugeuka.

Nikamgeukia mama yetu. Nikamwambia kwa upole kwamba sheria ile ni yake, ndiyo aliyotufundisha tukiwa hatujaota meno ya pili. Alitafakari, akiukunja na kuukunjua ule mfuko.

"Hata mimi ningefunua," akasema. Halafu akaongeza kwamba haondoki. Atakaa amwone mtoto akila kutoka chungu kile kile na kushiba. Asipokula, ataondoka naye.

Mtoto hakula. Siku ile hakula, na iliyofuata alikunywa uji mwepesi nusu kikombe, akaacha. Aliniambia mimi peke yangu kwamba kama si mama, basi hana hamu. Sijawahi kuumia kwa neno kama lile. Nilijiona nimemfukuza mdogo wangu mlangoni kwa ufagio.

Aliyepata njia ni Dobi. Asubuhi alichemsha maharage kwenye sufuria juu ya moto mkali, yakatokota hadi dirisha likafunga ukungu, akamwaga maji yale, akayaweka kwenye chungu na maji mapya ya moto. Safari hii akazungusha kwenye moto mkubwa. Akafunika. Kisha akachana utepe mrefu kutoka shuka kuukuu la meza yake ya pasi, akakifunga kifuniko kwenye masikio ya chungu, fundo juu ya fundo. Mwiko akauweka juu ya fundo. Akamchukua mtoto kitandani, akampakata, akampeleka dukani na kumketisha juu ya kigoda.

"Mama yako alisema chungu kisichotazamwa hununa," nilimsikia akimwambia. "Hiki chetu kina tabia yake chenyewe. Kikitazamwa ndipo kinanuna. Kaa hapa unichunge nisiende, na mimi nikuchunge usiende."

Wakachungana. Mtoto alikunja leso za wateja, akazikunjua, akazikunja tena. Kila Dobi alipopeleka mkono kwenye kitambaa chake, Chiriku alimkazia macho, naye akarudisha mkono kama aliyeguswa na pasi. Mchana alimwambia baba yake kwamba mguu wake mmoja tayari uko mlangoni, na Dobi akaapa kwamba ule mguu ulikuwa unajinyoosha tu. Bibi yake alicheka pale dirishani. Mimi ndani kwangu nilitega sikio ukutani, hakukuwa na sauti yoyote, na kimya hicho kilinitisha kuliko zile kli zote.

Jioni alifungua mafundo mbele yetu. Maharage yalikuwa laini, ukiyabonyeza kwa ulimi yanavunjika. Chiriku alitazama sahani yake muda mrefu. Alipeleka kijiko mdomoni, akatafuna, na sote tukaacha kutafuna.

"Chumvi haitoshi," akasema.

"Basi tia," bibi yake akajibu.

Akanyanyuka mwenyewe, akatia chumvi, akageuza mara moja, akaonja. Akaulaza mwiko. Akarudi kuketi na akala sahani hadi ikawa nyeupe, na haikurudi juu. Asubuhi mama yetu aliondoka na mfuko wake mtupu. Mashati yaliyokunjwa kola kwa kola yalirudi kabatini.

Hivyo ndivyo wanavyoishi sasa wale wawili. Dobi amejifunza kupanga: vya kuiva taratibu chini, vya kulainika upesi juu, maharage kamwe bila kuchemshwa kwanza. Kifuniko hufungwa kwa ule utepe kila asubuhi. Chiriku ameongezeka mwili, nami nimelazimika kumfungulia kiuno cha sketi nilichompunguzia mwenyewe. Maneno yake anamsimulia baba yake, dukani, na wateja husubiri amalize ndipo wapewe nguo.

Juzi ilinyesha mvua, wateja hawakuja. Dobi aliniletea mashati ya kutiwa vifungo, akaketi kunihesabia yaliyolegea, na Chiriku alikuwa anachagua vifungo vinavyofanana kwenye kopo langu. Tulikuwa watatu chumbani kwangu, na kule ng'ambo ya ukuta hapakuwa na mtu. Kifuniko kilikuwa kimefungwa. Nilimwona Dobi akikifunga.

Kli.

Mkono wa Dobi ulisimama juu ya shati. Chiriku aliinua uso kutoka kwenye kopo. Walitazamana.

"Ni mvuke," mtoto akasema.

"Mvuke," baba yake akasema.

Nilikata uzi kwa meno na mimi nikasema ni mvuke.

Jioni walinialika. Wakati Dobi anafungua mafundo, mimi ndiye niliyetangulia kuutazama mwiko. Niliugusa kwa kidole, kama mtu anayeusogeza tu usianguke. Ulikuwa mkavu. Sijui kwa nini moyo wangu ulitaka uwe umelowa.